Kuchafua Namba Saba

Jumatatu, 2 Juni 2025

Naanzia nyuma ya daftari. Mbele ni mwandiko wa Luka, kurasa kumi na moja, sitaki kuuchanganya na wangu. Yeye akae mbele kama alivyozoea. Mimi nitakuja taratibu kutoka huku.

Queen ndiye kanisukuma. Kasema kwenye simu kuwa mjane akiandika anapata nafuu, kalisikia kwenye semina huko Dodoma. Nikamwambia mwanangu, mimi siumwi, nina kazi. Akasema basi andika kazi.

Haya. Kazi iko juu ya meza. Ni kichwa cha treni, kidogo, urefu kutoka kiwiko changu hadi ncha ya vidole. Bomba la maji, makopo ya maziwa, plaiwudi, soli ya kandambili. Rangi ya kijani na namba saba nyeupe ubavuni. Luka alimaliza kukipaka Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba. Jumatatu presha ikamchukua.

Kile kikubwa chenyewe alikiendesha baba yake, Mzee Nehemia, miaka ishirini na sita — shamba la mkonge kule njia ya Maramba, akivuta matroli ya majani kupeleka korona. Korona ya kuchakata mkonge, si ile nyingine. Shamba likafungwa, Namba Saba ikaachwa kwenye majani, mwisho ikauzwa chuma chakavu. Luka akamwahidi baba yake: utaiona tena kabla hujafa. Sasa aliyekufa ni Luka. Mzee yupo, macho ndiyo hayapo. Mtoto wa jicho, kote kuwili. Tarehe 17 wanamfanyia la kulia hapa mjini. Akifunguliwa, nataka Namba Saba iwe mbele yake, imekamilika kama Luka alivyokusudia.

Imebaki hatua ya mwisho. Luka kaiandika juu ya ukurasa wa kwanza na kuipigia mstari: KUCHAFUA.

Mimi ni mkuu wa dobi kwenye hoteli. Mwaka wa ishirini na tatu huu natoa madoa.

Jumatano, 4 Juni

Nimesoma kurasa zote. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Kumbe mengine yote aliyaweka kwenye uchafu.

Kwa nilivyoelewa: rangi ikikauka unapaka vanishi ya kung'aa, ili uchafu uteleze juu, usinywewe na rangi. Kisha unatengeneza "maji ya uchafu" — rangi ya mafuta ya kahawia kiasi cha punje ya mahindi, tapetaini vijiko vitatu. Unapaka kila mahali. Kila mahali! Maji yanakimbilia kwenye mifereji, chini ya vichwa vya misumari, kwenye pembe. Unasubiri. Halafu unafuta. Kinachokataa kufutika ndiyo uzee. Mwisho kabisa vanishi ya kufunga, ileile, ila imekorogwa na poda ya watoto ili ising'ae.

Kumbe poda yangu ilikuwa inakwenda huko.

Kwenye kufuta kaandika hivi: "Futa. Kitambaa kinuke tu tapetaini, kisilowe. Usiogope."

Sijui alikuwa anamwambia nani.

Kazini shuka nne za maharusi, hina tupu. Tatu zimetoka. Ya nne nimeitangaza marehemu.

Alhamisi, 5 Juni

Niandike la basi, yaishe.

Mwaka 2016 Luka alitengeneza basi la Tanga–Lushoto. Miezi miwili. Kila jioni yeye kibarazani na brashi ya nywele tatu, mimi ndani na pasi. Siku moja kaliweka juu ya kabati la vyombo, sebuleni. Hakusema kitu. Nimerudi kazini nalikuta. Matope mpaka madirishani! Masizi nyuma. Kutu kwenye bampa. Na jioni ile ibada ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwangu, kina mama kumi na wanane na mama mchungaji.

Nikaliosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, mswaki wa zamani. Nikasugua mpaka chini ya uvungu wake. Ulikuwa uchafu mkaidi kidogo, nikaona fahari ulipotoka. Mwisho nikalipaka mafuta ya mgando likametameta.

Luka akarudi. Akalitazama. Akasema, "Limetakata." Kisha akatoka kwenda kufungia kuku.

Kesho yake Miraji, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ndiye aliyenieleza kwamba yale matope ndiyo ilikuwa kazi. Basi lenyewe wiki mbili, matope wiki sita. Luka alikuwa anangoja yakauke ndipo ayafunge kwa vanishi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi. Akasema hakuna neno, mama Queen. Na kweli hakulisema neno, miaka minane. Ila hakuweka tena kitu chake juu ya kabati. Vyote alivipeleka stoo, kwenye boksi, na mimi sikuwa na uso wa kuomba kuviona.

Ndiyo maana Namba Saba haichafuliwi na mtu mwingine. Nimeosha mimi, nitachafua mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepita kwa Miraji, Usagara. Anapaka vanishi makochi na vitanda, uani kwake. Leo kafunga, Arafa, kwa hiyo maneno yalipungua kidogo.

Nikamwomba vanishi ya kung'aa, robo lita. Ya nini? Nikamwambia. Akaweka brashi chini.

"Shemeji, niachie mimi. Siku mbili tu nakukabidhi. Wallahi nitaifanya kama yake."

"Najua. Ndiyo maana sikupi."

Akanitazama kama anatazama kochi lenye mchwa. Akanipa chupa, akanipa na brashi laini, na onyo kwamba nisije nikaitia sabuni. Karudia mara mbili. Sabuni, shemeji, hapana. Hajasahau la basi huyu.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kwaya tatu. Mahubiri yalikuwa ya kutakaswa, nimeyasikiliza kama mtu wa fani.

Kwa Miraji wamenitumia pilau la jana la Idi, limefungwa kwa taulo jeupe. Taulo lina doa la mchuzi pembeni. Nimelitoa kabla ya kurudisha bakuli.

Jumanne, 10 Juni

Siku yangu ya mapumziko. Nimepaka vanishi. Nje manyunyu, nikafunga madirisha vumbi lisiingie, kila kitu kwa utaratibu, kama linavyosema daftari: brashi isirudi ilikopita.

Imekauka nyeupe. Nyeupe! Ukungu mtupu, kama mtu kaimwagia tui. Kijani hakionekani, saba haisomeki. Namba Saba imekuwa jini.

Nikamkimbilia Miraji. Akaja, hakuitazama hata, akatazama kwanza dirishani. Umepaka na mvua, shemeji? Nikasema nilikuwa ndani.

"Mvua haina ndani. Unyevu huu umelala chini ya vanishi. Hao wawili hawapikiki chungu kimoja."

Akasema nisiiguse, nisiisugue, hasa nisiisugue. Ningoje jua kavu, nipake tena nyembamba, tina nyingi ya kuizimua, ukungu utapanda utoke. Akasema hata Luka ilimpata, kile kivuko chake cha Pangani. Kilikaa wiki nzima kama kimekufa maji. Sikukijua hicho kivuko. Nimeishi na mtu mwenye kivuko ndani ya boksi.

Nimelia kidogo. Naandika kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumatano, 11 Juni

Mvua.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua. Kazini taulo hazikauki. Mzee anakuja Jumamosi.

Ijumaa, 13 Juni

Jua! Tena jua kali, la kukausha nguo nzito. Saa sita nimemwambia meneja naondoka, nina jino. Ninayo ishirini na tisa, sikudanganya.

Nimepaka uani, kwenye upepo mwembamba, huku nimeshika pumzi. Kwanza hapakutokea kitu. Halafu ukungu ukaanza kuondoka kutoka pembeni, pole pole, kijani kikarudi, saba ikarudi. Nilipiga kigelegele. Jirani kauliza kuna nini. Nikamwambia Queen kapata mtoto wa kike — sijui hata kwa nini. Sasa itabidi nimwambie Queen.

Miraji kapita jioni. Kaigonga kwa ukucha, kanusa. Kasema iache ikomae siku nne, tano. Kabla ya hapo tapetaini itaivua nguo. Maana yake haitawahi tarehe 17. Nimehesabu mara mbili, haiwahi.

Jumamosi, 14 Juni

Mzee Nehemia kafika na basi la asubuhi kutoka Maramba. Kashuka na fimbo, kuku mmoja na mahindi mabichi. Nikampokea. Shikamoo baba. Marahaba mama Queen, nyumba haijambo? Mkono wake unatafuta mlango kabla ya mguu, lakini hataki kushikwa.

Miaka themanini na mbili. Shati lake jeupe, la mikono mirefu, kalifua mwenyewe. Alipolivua nikalitazama shingo, tabia ya kazi. Safi. Ni kwenye ule mshono wa kola tu, pale uzi unapoingia ndani, pana mstari mwembamba wa kahawia. Huo hautoki kwa mtu yeyote. Shati likiwa halina mstari huo ni jipya, halijavaliwa na binadamu.

Nikasimama pale mlangoni na shati la watu mkononi. Uchafu haukai popote unapotaka! Unakaa pale mkono usipofika. Hili naona nimelijua miaka ishirini na tatu ila kwa upande wa kuuondoa.

Namba Saba nimeificha chumbani kwangu chini ya boksi la pasi.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee kakaa sebuleni tangu chai. Haoni, basi anasikiliza nyumba. Friji lako linakohoa. Bomba la nyuma linadondosha. Saa nne akainua pua.

"Humu mnanuka Luka."

Nilikuwa nimefungua chupa ya tapetaini chumbani, kujaribia kwenye kopo. Nikasema nimepaka vanishi viti. Akasema ehe. Akaiweka fimbo katikati ya magoti. Baadaye akasema yeye hakulia msibani kwa sababu watu walikuwa wengi.

Nilikaa naye.

Jumanne, 17 Juni

Hospitali tangu saa moja. Foleni ya wazee, kila mmoja na anayemshika mkono. Wamemwingiza saa tano, katoka saa sita kasoro, jicho limefunikwa. Nesi kamwambia asiiname, asibebe kitu, jicho lisilowe, asikae kwenye vumbi. Mzee kasema kwa mama Queen vumbi linaomba ruhusa kuingia. Watu wamecheka foleni nzima.

Nimecheka na mimi. Moyoni nilikuwa nawaza vanishi ina siku ya nne.

Jumatano, 18 Juni

Wamemfungua.

Nilitaka cha kwanza kukiona kiwe Namba Saba. Cha kwanza alichokiona ni nesi, akamwambia ni mzuri. Mimi wa pili. Kanitazama sana. "Mama Queen, umezeeka." Kisha akashika mkono wangu, hakuuachia mpaka nyumbani.

Nyumbani ndipo ikawa kazi. Kasimama katikati ya sebule na jicho lake jipya. Dari lako lina utando wa buibui. Pazia limepauka upande wa jua. Kuna nini pale nyuma ya redio? Miaka ishirini na sita nimeolewa kwenye ukoo huu, sijawahi kuambiwa nyumba yangu ina utando wa buibui. Nimepanda kiti nikautoa. Ulikuwepo.

Anasema Jumatatu anarudi Maramba, mahindi hayajivuni. Daktari kasema wiki mbili akae. Mzee kasema daktari hana mahindi.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimechafua.

Mzee kalala mchana, mimi nimejifungia chumbani. Punje ya mahindi, vijiko vitatu. Nimekoroga kwenye kisosi. Harufu ilinipiga kifuani, ikabidi nikae kwanza.

Daftari linasema paka kila mahali. Mkono ulikataa mara ya kwanza. Nikausema kwa sauti: Kristina, chafua. Nikaanzia juu, kwenye paa la dereva, nikashuka. Na maji yalikuwa yanakimbia yenyewe! Yanazunguka kila kichwa cha msumari, yanaingia kwenye mstari wa mlango, yanakaa. Pale ngazi inaposhikwa na mkono nikapunguza, maana mkono wa dereva ungekuwa unasugua pale kila siku. Chini ya tundu la mafuta nikaongeza, mchirizi mmoja, kwa sababu mafuta hayadondoki mahali pawili. Hayo Luka hakuyaandika. Hayo ni ya dobi.

Kwa saa nzima nilisahau kuwa nina huzuni. Kisha nikakumbuka, ila ilikuwa huzuni ya kukaa nayo.

Sasa iko chini ya boksi. Imelowa kahawia yote, mwili mzima. Inatazamika kama kitu kilichoopolewa mtaroni. Kesho nafuta.

Ijumaa, 20 Juni

Sikufuta.

Nilikuwa na kitambaa, nilikuwa na tapetaini, mlango nimefunga. Nikaisogeza karibu. Mkono ukasimama hewani kama wa mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. Nilichoona mbele yangu ni ule mswaki. Lile basi. Lile neno moja, "Limetakata."

Je, ikitoka yote? Sijui nguvu ya mkono wangu kwa kitu kidogo. Mkono wangu umefundishwa kumaliza.

Nimerudisha boksi.

Jumamosi, 21 Juni

Miraji kaja kumjulia hali mzee. Wakati wa kuondoka nikamvuta uani nikamweleza. Akasema usicheleweshe, shemeji, siku mbili tatu ile rangi bado mchumba, wiki ikipita imeshakuwa ndoa. Akataka aingie aifute yeye. Nikasema hapana. Akasema basi futa. Nikasema nitafuta.

Sikufuta. Nimefua mapazia yote ya nyumba.

Jumapili, 22 Juni

Saa kumi kasoro, mchana. Mzee kalala. Naandika haraka.

Tumetoka kanisani, tumekula. Mkoba wake uko mlangoni tayari, kesho basi la saa kumi na mbili. Nikaona nikichelewa tena ataondoka na ahadi hewani kama alivyokuja. Nikaenda chumbani nikaitoa ilivyo. Haijafutwa, haijafungwa vanishi, kahawia mwili mzima. Nikamwekea mapajani. Nikasema, "Baba, ni ya Luka."

Hakutazama kwanza. Alifumba macho akaishika. Vidole vikaenda moja kwa moja kwenye breki, upande wa kushoto, vikakuta ipo. Vikapanda ngazi. Vikaingia kwa dereva, vikakuta kiti. Kiti kina kitambaa cha gunia! Sikuwahi kukiona, mimi niliyeipaka kila pembe. Mzee akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanashuka, nikakumbuka nesi alisema jicho lisilowe, nikashindwa kusema.

Kisha akafumbua. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani kaiacha mashine hivi?"

Nikasema ni mimi, baba, ndivyo Luka kaandika, ndivyo inavyokuwa ikizeeka.

"Luka aliiona imekufa, kwenye majani. Mimi niliiendesha. Mashine yangu haikulala chafu hata siku moja. Kila saa kumi na moja alfajiri naifuta, kabla haijawaka." Akanyoosha mkono. "Niletee kitambaa. Na mafuta ya taa. Kitambaa kinuke tu, kisilowe."

Nilisimama. Akadhani sikusikia, akarudia vilevile, neno kwa neno: kinuke tu, kisilowe.

Nikaleta. Nikampa mkononi.

Kaanzia juu, kwenye paa. Kiganja bapa, mkono mwepesi, kuelekea upande mmoja, bila kurudi. Kila alipopita kijani kilitoka, lakini si kijani cha Oktoba. Kwenye misumari ilibaki duara nyembamba ya kahawia. Kwenye mstari wa mlango ilibaki. Chini ya tundu la mafuta mchirizi wangu ulififia, haukuondoka. Nikasema, baba, kule kwenye pembe bado. Akasema kule kwenye pembe hapakutoka hata kwa miaka ishirini na sita, na alikuwa na nyuzi za mkonge na muda. Paache.

Sijui kilichonituma. Nikasema, "Baba, mimi niliwahi kuliosha basi la Luka. Na sabuni."

"Najua."

"Unajua?"

"Alinipigia siku ileile, yuko kwenye banda la kuku. Kacheka mpaka kapaliwa. Kasema, baba, kaliosha hadi uvunguni."

Nikamwambia mimi hakunichekea. Aliniambia limetakata tu, halafu miaka minane hakuniwekea tena kitu juu ya kabati.

Mzee kaendelea kufuta. Kasema Luka aliogopa kuweka. Si kwamba utaosha. Alisema yule mama alivyoona haya, nikimwonyesha kingine atadhani namkumbusha. "Nikamwambia mjinga wewe, mwonyeshe. Ehe. Mlikuwa wajinga wawili."

Nilikwenda jikoni. Nimelia jikoni, wazi kabisa, na maji ya bomba nimefungua yasaidie. Miaka minane mimi namwogopa yeye, yeye ananiogopa mimi, na boksi katikati.

Niliporudi alikuwa amemaliza upande wa kulia. Akaigeuza, akaniwekea mezani ule wa kushoto juu, kahawia yote, haujaguswa. Akakunja kitambaa mara nne akakiweka kando yake. Jicho limechoka, anataka kulala kidogo. Saa kumi nimwamshe kwa dawa ya matone.

"Upande huo wako," kasema. "Nikiamka nikute."

Nikamwambia baba, nitautoa wote. Mkono wangu ndivyo ulivyo.

Kasema hautatoka wote. Akaenda.

Nimefungua daftari upande wa mbele, ukurasa wa nne. Lipo palepale. Kitambaa kinuke tu tapetaini, kisilowe. Luka hakuandika kwamba ni maneno ya baba yake. Ameandika tu, na mwisho kaongeza lake: Usiogope.

Dobi mzima naogopa kitambaa.

Kitanda chake kimelia. Anatafuta ndara. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto una kitambaa. Nimeanzia juu, kwenye paa, kuelekea upande mmoja. Nimefika kwenye saba.